Shoka la shamba, shoka la kontena au shoka la mhunzi: lipi uanze nalo?

Juu ya baraza yangu asubuhi hii pana vichwa vitatu vya shoka, na nina hakika vyote vimenizidi umri. Kimoja nilikipata Wete, Pemba, kimefungwa kwa kamba ya makumbi pamoja na mundu uliokatika. Cha pili kilishuka na kontena la mitumba hapa Unguja, ndani ya boksi la zana ambalo nadhani mwenyewe alishafariki huko Ulaya na watoto hawakutaka hata bisibisi yake. Cha tatu hakina tundu la mpini kabisa. Ni ubapa wa chuma wenye mkia, kazi ya mhunzi wa Pemba, na aliyeniuzia alikuwa akiuegemezea mlango wa banda la kuku usipigwe na upepo.

Wapita njia huniuliza, "Yakhe, haya ya nini na mapya yapo dukani?" Hao nawaachia wenyewe. Wenye swali gumu ni wale wanaokaa, wakalishika moja, wakalipima mkononi, halafu wakauliza: mtu akitaka kuanza kukusanya na kuyafufua mashoka ya zamani, aanze na lipi katika haya? Nimeshawajibu watu watatu kwa majibu matatu tofauti, na wawili walirudi kulalamika. Basi nayaweka yote matatu pamoja hapa, kila moja kwa sifa yake na aibu yake.

Nilipoegemea napasema mapema. Usinunue jina lililogongwa shavuni, yaani ubavuni mwa kichwa. Nunua chuma kilichobaki mbele ya tundu, na nunua tundu ambalo mti wa kisiwani utaweza kuliingia.

Kwanza tuyajue yenyewe

Nikisema shoka la shamba nakusudia la Kiingereza, kama hilo la Wete, lile lililozoeleka zama za mashamba makubwa ya karafuu na minazi. Visiwa hivi vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890 hadi Disemba 1963, na zana za chuma zilikuja na meli zilezile. Ukisugua kutu polepole unaweza kukutana na herufi. Likisema ELWELL, limetoka Wednesbury, kwa watu waliokuwa wakifua tangu 1817. Likisema GILPIN au BRADES, ni majirani zao. Wote wa eneo moja la viwanda karibu na Birmingham na Wolverhampton. Huko huko Wolverhampton ndiko lilikotoka jembe la Chillington lenye alama ya mamba, lililosambaa sehemu nyingi za Afrika. Uzito wake umeandikwa kwa ratili, wala si kwa kilo: 4 ni ratili nne, yaani kilo moja na gramu mia nane hivi. Ukibahatika utaona alama ya mshale mpana wenye mistari mitatu na mwaka chini yake. Hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kujua umri wa shoka.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa eka tatu tatu, na nadhani zana nazo ziligawika hivyo hivyo, kwani haya huyakuti kwa wenye mali. Unayakuta kwa wajukuu wa wakulima, juu ya dari, chini ya kitanda cha kamba, au kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye kwake shoka na diski ya breki ni kilo tu.

Shoka la kontena ni neno langu la kukusanya yote yajayo na mitumba ya Ulaya. Mengi niliyoyashika ni ya Sweden. Wenzetu hao wana viwanda vya shoka vya tangu na tangu: Hults Bruk ilianza 1697, na Gränsfors Bruk 1902, na vyote viwili vinafua mpaka leo. Kichwa cha Kiswidi ni chembamba mashavuni na uzito wake hupimwa kwa kilo. La Marekani limewahi kunipita mkononi mara moja tu, la Collins wa Connecticut, kampuni iliyoanza 1826 na kufungwa 1966, nalo lilikuwa limepasuka tundu. Kwa hiyo ya Marekani siyasemi.

La mhunzi ndilo babu yao hapa kwetu. Halina tundu, lina mkia uliochongoka unaopenya kwenye fundo la mpini. Mpini unachukuliwa pale shina linapovimba kuelekea mzizini, kisha mkia unatiwa moto ukachoma njia yake wenyewe ndani ya fundo. Kila pigo linalisukuma shoka ndani zaidi, basi halihitaji kabari wala msumari. Mengine unaweza kuyachomoa ukayageuza robo mzunguko, shoka likawa tezo. Mafundi wa majahazi wanajua thamani ya hilo bila kuambiwa.

Shoka jipya la dukani, lenye mpini wa plastiki au wa bomba, nimeliacha nje kwa makusudi. Linakata. Lakini likishachoka hulifufui, unalitupa.

Chuma kilichobaki

Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wa mwanzo hulikosea, nami nililikosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Shoka la zamani halikuwa gumu lote. Kiwiliwili chake kiliachwa laini makusudi, kivumilie kishindo bila kupasuka, na sehemu ngumu ni ile ya mbele tu, sentimita mbili tatu kutoka makalini. Katika mashoka makongwe zaidi mambo yamekwenda mbali kuliko hivyo: mwili ni chuma cha kawaida, na pua, ile chuma ngumu ya gharama, imepandikizwa mbele kama ulimi, kisha yakafuliwa pamoja mpaka yakashikana. Miaka sitini ya kunolewa ikila pua hiyo, kinachobaki ni shoka zuri la kutazama lisiloweza kukata mgomba.

Ndiyo maana nikiwa kwa muuzaji sianzi kuuliza bei. Natoa rula na tupa ndogo. Rula ni ya kupima kutoka ukingo wa mbele wa tundu hadi makalini. Lile la Wete lina sentimita 12 katikati, lakini pembe ya juu imeliwa karibu sentimita moja na nusu, ishara kwamba mwenyewe alikuwa akipiga mpaka ardhini. La kontena lina makali yaliyojaa pembe hadi pembe. Nadhani halikunolewa zaidi ya mara kumi maishani. Hapo Mswidi anashinda, na kwa kawaida hushinda, kwani mashoka mengi ya Ulaya yalistaafia ukutani ilhali ya kwetu yalifanya kazi mpaka yakachoka.

Tupa ni ya kupima ugumu. Iburuze kidogo ukingoni, mahali pasipoonekana. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na huenda kikameguka. Ikiuma kwa shida kidogo, na sauti kali ikatoka, hapo pana pua. Ikizama kama kwenye sabuni, rudisha shoka chini na umuage mtu kwa heshima.

Kisha tazama kisogo, upande wa nyuma. Kama kimebonyea na kuchanua pembeni kama uyoga, shoka lilikuwa nyundo: lilipiga kabari za chuma na vigingi, na mara nyingi tundu limepanuka au lina ufa. Ning'iniza kichwa kwa uzi na ukigonge na kitu cha chuma. Kizima hulia kama kengele ndogo, chenye ufa hukohoa.

Lile la Wete nililipata kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi nje akisuka ukili. Nilimwamkia, akaniitikia, nikalizunguka shoka mara mbili kabla ya kusema neno.

"Babu, hili lauzwa?"

"La baba yangu hilo, mwanangu. Lauzwa kwa anayelijua." Akaligeuza, akaniwekea kidole juu ya kisogo. "Tazama hapa. Baba alikuwa hampi mtu akalipigie kabari. Ukiazima, waazima kukata tu."

Kisogo kilikuwa bapa, pembe zake bado kali. Sikubishana naye bei.

Sasa aibu yangu. Shoka langu la mwanzo kabisa, la Kiingereza nalo, nililipeleka karakana moja ya kuchomelea vyuma linolewe haraka. Kijana akawasha grainda. Dakika mbili nyingi, makali yaling'aa, na kando yake pakatokea rangi nzuri ya buluu kama shingo ya njiwa. Niliisifu ile rangi! Nikalipa na kuondoka. Siku ya pili nikapiga gogo la mnazi, makali yakajikunja kama mfuniko wa kopo. Buluu ile ni chuma kinakwambia kwamba moto umefika karibu nyuzi 300, na ugumu aliouacha mfuaji umeshatoka. Haurudi kwa kunoa. Njia ni kusaga mpaka uipite sehemu iliyoungua, na kwa shoka lililobakiwa na pua sentimita mbili, hiyo ni hukumu. Tangu siku hiyo ni tupa ya mkono, jiliwa au vaisi ya kulibana, na ndoo ya maji pembeni. Nikihisi joto kidoleni nalichovya.

Ukija kwenye chuma, basi, la mhunzi ndilo lisilotabirika. Mengi ya miaka ya karibuni yamefuliwa kwa springi za gari, na springi ni pua nzuri sana; mhunzi anayejua moto hukupa shoka linaloshika makali kuliko la Mwingereza. Asiyejua hukupa kitu kinachomeguka au kinachojikunja, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Tupa tu ndiyo itakayosema.

Kutu ya bara na kutu ya bahari

Shoka la kontena huja na kutu ya ghala: nyekundu, ya juu juu, inayotoka kwa burashi ya waya na mafuta. La shamba lililokaa kilomita mbili tatu kutoka pwani lina kutu ya chumvi, nayo inachimba. Ukishaitoa unabaki na ngozi ya mtu aliyepona ndui. Mashimo ya shavuni hayana neno, ni uzuri wake. Yakifika makalini ni balaa, kwani kila shimo litakuwa pengo siku utakapolinoa mpaka hapo. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "kutu tu hiyo". Sugua sentimita moja ya makali, uangalie.

Dawa yangu ni siki nyeupe. Nakata dumu la lita tano ubavuni, nalaza kichwa humo, namimina siki mpaka kizame, naacha usiku mmoja. Ndimu nayo inafanya kazi, kama inavyosafisha sinia za shaba nyumbani, lakini kwa kichwa kizima utakamua kapu zima na mwenye nyumba atakuuliza. Asubuhi siki imekuwa nyeusi kama wino na kutu inatoka kwa kitambaa. Palepale osha kwa maji yenye magadi kuua ule ukali, kausha juani, na upake mafuta kabla hujanywa chai. Ukichelewa, hewa yetu hii ya masika itakirudishia wekundu ndani ya robo saa.

Na hapo ndipo starehe ya kazi hii ilipo. Nilipolitoa shoka la Wete kwenye siki, shavuni palikuwa na mstari uliopinda kama ukingo wa maji mchangani pwani ikitoka. Nyuma ya mstari chuma ni cha kijivu chepesi, kina nyuzinyuzi kama mti. Mbele yake ni cheusi, laini, hakina nyuzi. Hiyo nyeusi ndiyo pua iliyopandikizwa, na siki imeiuma zaidi kwa sababu ina kaboni nyingi. Nilipima kutoka mstari hadi makalini: sentimita tatu na nusu katikati, mbili pembeni palipoliwa. Bado limebakiwa na umri wa mtu mzima. La Kiswidi nililitumbukiza siki ileile. Likatoka rangi moja tu tangu kisogoni mpaka makalini, maana limefuliwa kwa pua moja nzima. Safi, lakini halina hadithi ya kunisimulia.

Kwenye chuma mie natumia mafuta ya cherehani. Watu wengi wanatumia oili chafu ya gari, ambayo inaingia kwenye mpini, na mpini ndio unaoushika mchana kutwa, sikushauri.

Mpini

Wanasema shoka lisilo mpini halichanji kuni, na kusema kweli hapa ndipo uamuzi wote unapopatikana. Ulaya mtu anaagiza mpini uliochongwa tayari. Sisi tuna miti yetu na panga.

Mti wangu ni mpera. Mkavu, ni mgumu, unanesa kidogo, na haukuchomi viganja. Kasoro yake ni kwamba hauendi sawa. Kupata sentimita 70 zilizonyooka ni kuzunguka vichochoro vya shamba nusu siku. Mkwaju ni imara zaidi lakini nyuzi zake zimejisokota na tupa inalalamika. Mchungwa mkongwe ni mzuri sana, ukimpata mwenye mti aliyekubali kuukata. Mvinje unavutia kwa kunyooka kwake, halafu unapasuka ukikauka. Mwarobaini sijauamini tena baada ya kichwa kuruka na kutua kwenye tuta la mihogo la jirani, alhamdulillahi kwenye mihogo.

Sasa pima matundu. La Kiingereza la Wete lina urefu wa sentimita 7 na upana wa mbili na nusu. La Kiswidi ni tano na nusu kwa mbili. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mpini wa sentimita 7 unahitaji gogo nene lililopasuliwa, na mpera wa unene huo ni mzee, umepinda, pengine umeshaliwa na mchwa ndani. Mpera wa kulitosha tundu la Kiswidi unaupata kila kijiji. Kwa hiyo lile la mbali ndilo linaloolewa hapa kwa urahisi, na lile lililokaa hapa miaka mingi linataka mahari kubwa. Mpini wa shoka la Wete niliutafuta miezi miwili, mwisho nikapata tawi la mkwaju lililoangushwa na upepo karibu na Konde.

Tazama nyuzi za mti kwenye kichwa cha mpini: zielekee sambamba na makali yanavyoelekea, zisikatize. Kausha kivulini miezi miwili au mitatu, ncha zote mbili zimepakwa rangi au nta ili usipasuke. Kabari iwe ya mti mkavu mgumu. Msumari unapasua mpini palepale unapouhitaji uwe mzima.

Na lile jambo la ndoo. Mpini ukilegea, karibu kila nyumba shoka huwekwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi limekaza. Kweli limekaza. Mti umevimba ndani ya tundu mpaka nyuzi zake zikajisaga kwenye chuma. Ukikauka unasinyaa kuliko ulivyokuwa, na safari ijayo utahitaji maji zaidi. Shoka linalooga kila wiki mpini wake hautimizi mwaka. Ongeza kabari, au upake mafuta ya kitani kichwani pa mpini. Hayo yanavimba na kukauka yakabaki humo. Yanapatikana kwenye maduka ya rangi. Ila kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke, usikikunje ukakitupa pembeni, kwani mafuta haya yakikauka ndani ya kitambaa kilichokunjwa hujipandisha joto mpaka yakawaka moto yenyewe. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe; unapaka leo, kesho sisimizi wamefanya harusi. Kuna mwenzangu alijaribu sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa majahazi. Mpini ulipendeza. Shoka linalala nje mpaka leo kwa amri ya mkewe.

La mhunzi halina habari ya tundu wala kabari, na fundo la shina la mpera linapatikana hata kwenye mti uliopinda. Kwa mpini tu, hilo ndilo jepesi kuliko yote matatu.

Kazini

Niliyapa yote kazi moja, siku moja: gogo la mnazi, tawi nene la mwembe, na kuni za mkwaju za kupasua.

Mnazi ni hakimu mkali. Ganda lake la nje lina nyuzi ngumu zinazokula makali kuliko mti wowote tulionao. La Kiswidi lilizama vizuri mapigo kumi ya mwanzo, kisha nikaona vimeguko viwili vidogo, kwani makali yake nilikuwa nimeyaacha membamba kama yalivyokuja, yaliyopangwa kwa misonobari ya kwao. Nikarudi kwenye tupa, nikayapa tumbo kidogo, yaani yasiwe bapa kama kisu bali yabinuke taratibu kuelekea ukingoni. Baada ya hapo halikumeguka tena. La Wete lilikuwa na tumbo tangu zamani. Aliyelinoa alijua minazi. Lilikwenda polepole lakini halikudhurika.

Kwenye mwembe, Mswidi hana mpinzani. Kilo moja na robo, unapiga bila kuchoka, vibanzi vinaruka vikubwa kama viganja. La Kiingereza la ratili nne linakata pia, ila bega linakukumbusha jioni.

Kwenye kupasua kuni mambo yaligeuka. Mashavu membamba ya Kiswidi yananasa, unahangaika kulichomoa. La Kiingereza limenenepa kuelekea kisogoni, linaingia na kusukuma, kipande kinafunguka. Anayepasua kuni za biashara au za shughuli asifikirie mara mbili.

La mhunzi sikuliweka kwenye mnazi. Lina uzito wa nusu kilo na ushei, ni la kuchonga, kupogoa, kutengeneza vigingi na mataruma, zile mbavu za jahazi. Kulipima kwa gogo ni kulionea. Na kabla hujasisimka na shoka lolote kati ya haya: mkarafuu haukatwi bila kibali, hata uliokauka kwenye shamba lako mwenyewe ulizia kwanza.

La mhunzi usiling'arishe

Hapa natofautiana na wenzangu kadhaa. Wakipata shoka la mhunzi wanalitia siki, msasa, wanalipaka vanishi, wanalitundika sebuleni linang'aa kama kijiko. Shoka la kiwanda likisuguliwa hupotezi kitu; herufi zimegongwa kwa kina, mapacha zake ni maelfu. La mhunzi halina herufi. Jina lake ni alama za nyundo, ule weusi wa moto, mkia ulivyopindishwa, fundo la mpini lilivyosuguliwa na kiganja kimoja miaka yote. Ukivitoa hivyo umebaki na kipande cha springi.

Langu nimelifanyia mambo mawili tu: nimelifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na nimeandika kwenye karatasi nililipata kijiji gani, lilitumika kwa nini, na lilifungwa kwa mti gani. Karatasi ile nimeikunja ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa na kuifunga mpinini. Wahunzi wanapungua, na shoka la mhunzi lisilojulikana lilikotoka haliwezi kukusimulia chochote.

Basi uchukue lipi

Ukitaka shoka la kufanyia kazi wiki hii, na hujawahi kushika tupa, chukua la kontena. Makali yamejaa, tundu ni dogo, kutu ni nyepesi. Makosa yako hayataliua. Ubaya wake ni kwamba muuzaji wa mitumba akishaona neno Sweden bei hupanda hapo hapo, na kuna vichwa vya kawaida kabisa vinavyobebwa na neno hilo. Kama bei imekushinda, achana nalo. Kontena jengine linakuja.

Ukitaka kujifunza kazi yenyewe ya kufufua, chukua la shamba. Litakufundisha kutu, litakufundisha kunoa kwa mkono, litakufundisha subira ya mpini. Chagua la Pemba kuliko la Unguja kama una nafasi ya kuvuka. Sina hoja kubwa, ila huko bado yapo majumbani ambako mtu anaweza kukuambia la nani, ilhali mjini mengi yameshapita kwenye mzani wa chakavu. Chini ya sentimita 9 mbele ya tundu, mie silichukui hata nikipewa na soda juu.

La mhunzi chukua ukikutana nalo, wala usilitafute kama la kwanza. Ukianza nalo utataka kuling'arisha, kwa sababu mikono ya anayeanza inawasha. Subiri mpaka uwe umeshaharibu moja la kiwanda.

Yule mzee wa Wete amenipigia juzi. Anasema mpwa wake, akibomoa banda Micheweni, amepata kichwa chenye mshale na tarakimu nne. Nimemwomba, kwa hisani yake, asiruhusu mtu akisugue, na anipigie picha ya tundu kwanza kabla ya ile ya mshale.